Kishikwambi kimezimika baada ya kuflashiwa: soma kwanza, andika baadaye

Swali: Habari fundi. Niko Mwanza. Mwanangu ana kishikwambi cha inchi 7 cha kuweka laini, prosesa yake ni MediaTek MT6580. Wazazi wa darasa lao tulivinunua pamoja duka moja. Kilianza kukwama kwenye nembo, nikapakua faili lenye jina lilelile lililoandikwa mgongoni, nikaflashi (yaani nikaandika upya programu ya kifaa) kwa programu ya kompyuta iitwayo SP Flash Tool, kwa kuchagua Download Only, visanduku vyote vikiwa na tiki. Duara la kijani likatokea, lakini tangu hapo skrini ni nyeusi tii, na hata nikichomeka chaji hakionyeshi chochote. Nikirudia faili lile napata kosa namba 4032. Nimepata faili lingine, nalo linaandika PMT changed for the ROM na kunitaka nichague Format All + Download. Fundi wa mtaani anasema IC (chipu ya ndani) imekufa. Nibofye?

Jibu: Usibofye, ndugu yangu. Kishikwambi chako karibu hakika hakijafa, na ushahidi umeuleta mwenyewe ndani ya swali lako. Kinachoweza kukiharibu kwa namna isiyorudishika ni hicho kitufe unachoniuliza. Kwanza nikueleze kilichotokea, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kubahatisha tena, kisha twende kwenye namna ya kukirudisha.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha kwenye kifaa cha MT6580, kinachoanza kufanya kazi si Android. Ni programu fupi iliyochongwa ndani ya prosesa kiwandani, mafundi huiita BROM. Hiyo haifutiki kwa kuflashi, hata ukitaka. Inaenda kwenye eneo dogo la memori liitwalo boot1 na kutafuta faili la preloader. Preloader ndiyo inayowasha RAM, memori ya muda ya kufanyia kazi. RAM ikishawaka, preloader inaita sehemu iitwayo lk, ambayo inawasha skrini na kuonyesha nembo. Kisha lk inaita kerneli, yaani kiini cha mfumo, iliyomo kwenye sehemu ya boot, na hapo ndipo Android inapoanza kupanda. Kwa hiyo skrini haipati nafasi ya kuwaka mpaka preloader imalize kazi yake salama. Kioo kinaweza kuwa kizima, betri nzima, prosesa nzima, na bado ukaona giza tupu, hata ile picha ya betri inayojaa usiione, kwa sababu nayo inachorwa na programu.

Sasa tuangalie dalili zako moja baada ya nyingine.

Mara ya kwanza ulipoflashi, kishikwambi kilikuwa kinafika kwenye nembo. Maana yake preloader yake ya asili ilikuwa nzima na ilikwisha kuwasha RAM ulipounganisha waya. SP Flash Tool ikakuta kila kitu tayari, ikaandika faili zote, ikakupa duara la kijani. Duara lile linathibitisha kwamba faili zimeandikwa. Halithibitishi kwamba faili zilikuwa zako. Miongoni mwa vilivyoandikwa ilikuwemo preloader mpya, na ile ya asili ikafutwa.

Preloader si faili la jumla kwa kila kifaa cha MT6580. Ndani yake kuna orodha ya chipu za memori ambazo kiwanda kilikusudia kutumia, pamoja na mipangilio ya kila moja. Kama chipu iliyo kwenye bodi yako haimo kwenye orodha, RAM haiwaki. Hiyo ndiyo maana ya 4032: programu ya kompyuta imejaribu kuwasha RAM kwa kutumia mipangilio ya faili ulilochagua, ikashindwa. Mara ya kwanza kosa hilo halikutokea kwa sababu RAM ilikuwa imewashwa na preloader ya asili. Mara ya pili hapakuwa na wa kuiwasha. Basi 4032 yako haisemi kwamba IC imekufa. Inasema faili lile halikuwa la bodi yako tangu mwanzo.

Dalili ya pili inanifurahisha zaidi. Lile faili lingine limefika hadi kulalamikia PMT, yaani jedwali la mgawanyo wa memori. Ili programu ilisome jedwali hilo kwenye kifaa na kulilinganisha na la kwenye faili, ni lazima RAM iwe imewaka kwanza. Kwa hiyo preloader ya faili la pili inaitambua memori yako! Na memori yenyewe inasomeka. Fundi aliyekuambia IC imekufa hana msingi, angalau kwa dalili hizi.

Lakini faili hilohilo la pili lina mgawanyo tofauti na wa kifaa chako, kwa hiyo na lenyewe si lako. Na hapa ndipo ninapokasirishwa na jinsi programu hii ilivyoandikwa: badala ya kumwambia mtu kwamba faili halilingani na kifaa, inamshauri afute kila kitu ili lilingane. Watu wengi wanatii, kwa sababu ujumbe umetoka kwenye programu yenyewe.

Format All inafuta nini ambacho kuflashi kwa kawaida hakukigusi? Kuna sehemu ndogo ndogo zenye majina nvram, nvdata, proinfo, protect1 na protect2. Humo kiwanda kiliandika IMEI (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao wa simu), namba ya kifaa, anwani ya Wi-Fi, na vipimo vya redio vilivyopimwa kwa kifaa hicho kimoja. Kwa kawaida hazimo kwenye faili lolote la kupakua, kwa sababu kila kifaa kina zake. Ukizifuta, Android inaweza kuwaka vizuri kabisa, lakini ukipiga *#06# unakuta IMEI batili au hakuna, na kwenye orodha ya mitandao ya Wi-Fi linatokea jina la ajabu, NVRAM WARNING: Err = 0x10. Laini haishiki mtandao. Na hapa Tanzania hilo si jambo dogo: tangu usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu zenye IMEI bandia, kifaa kisicho na IMEI sahihi hakina maisha kwenye mtandao. Kuchezea IMEI nako ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kwa hiyo usikubali atakayekuambia atakuandikia yoyote ile.

Habari njema ni kwamba ulitumia Download Only, na faili la kwanza halikulalamikia PMT. Mgawanyo wake basi unafanana na wa kifaa chako, na sehemu hizo kwa kawaida huwa hazipo kwenye orodha ya kuandikwa. Nina matumaini makubwa kwamba IMEI yako iko palepale. Kazi yetu ya kwanza ni kuitoa nje kabla ya kugusa kitu kingine.

Kabla ya kompyuta, shughulika na umeme. Kishikwambi ambacho preloader yake haifanyi kazi kinaweza kisichaji ipasavyo, na kwa siku zote ulizohangaika nacho betri imekuwa ikishuka. Betri dhaifu huleta makosa yanayofanana na ya faili baya, 4032 ikiwemo, na mtu anaweza kuzunguka wiki nzima akilaumu faili. Fungua mgongo kwa kadi ya plastiki, taratibu kuzunguka kingo, usitumie bisibisi kwa sababu betri iko karibu na ni rahisi kuitoboa. Pima kwa multimita penye waya mwekundu na mweusi. Ukikuta volti 3.7 au zaidi endelea. Ikiwa chini ya 3.5, mpelekee fundi mwenye chaja ya betri za litiamu akuchajie nje, isizidi volti 4.2. Ikiwa imevimba, acha kabisa, nunua nyingine.

Ukiwa bado umefungua, chukua simu upige picha ya vitu vitatu. Kwanza, maandishi meupe yaliyochapwa kwenye bodi yenyewe. Ni mchanganyiko wa herufi na namba, mara nyingi yanaishia na V1.0, V1.2 au mfano wake, wakati mwingine na tarehe. Pili, namba zilizo kwenye utepe wa kioo na utepe wa tachi. Tatu, maandishi ya juu ya chipu ya memori, ile kubwa iliyo jirani na prosesa. Za Samsung huanza na K, za SK hynix huanza na H. Kama imefunikwa na bati lililolehemiwa, iache.

Picha hizo zina thamani kuliko jina la mgongoni. Viwanda vinavyotengeneza vishikwambi vya bei nafuu hutumia kasha moja kwa bodi tofauti, na bodi moja kwa majina tofauti ya biashara. Aliyeagiza mzigo ndiye anayechagua jina la kuchapa nyuma. Na hata ndani ya jina moja, mzigo wa mwezi huu unaweza kuja na kioo au memori tofauti na wa mwezi uliopita, kutegemea kilichopatikana kwa bei nzuri. Kutafuta faili kwa jina la mgongoni ni kumtafuta mtu kwa rangi ya shati. Linganisha namba ya bodi, na ukipata inayolingana, linganisha kioo na tachi.

Sasa USB. Tumia waya ambao umewahi kuutumia kuhamisha picha, kwa sababu nyaya nyingi za chaji hazina njia za data ndani. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kigawanyio. Sakinisha draiva za MediaTek VCOM, kisha fungua Device Manager ya Windows na uangalie sehemu ya poti huku ukichomeka kifaa. Likitokea jina MediaTek USB Port, hiyo ni BROM inayokusikiliza. Likitokea PreLoader USB VCOM, preloader imefika mbali kiasi. Kwa hali yako nategemea uone la kwanza, pengine likitokea na kupotea, kwa sababu prosesa inajaribu, inashindwa, inaanza upya. Usipoona kitu, bonyeza na kushikilia kitufe cha kuongeza sauti huku ukichomeka, kisha jaribu cha kupunguza. Kama bado ni kimya kabisa, kuna vituo vidogo kwenye bodi ambavyo fundi huvigusisha ili prosesa iingie BROM kwa lazima. Hiyo mwachie fundi mwenye mchoro wa bodi hiyo, kwa sababu ukigusisha mahali pasipo sahihi unaweza kuunguza bodi.

Poti ikionekana, tunasoma. Fungua SP Flash Tool, pakia faili la scatter, yaani ramani ya mgawanyo wa memori, la ile programu dhibiti ya pili uliyopakua, ile iliyolalamikia PMT. Hatuiandiki. Tunaazima preloader yake tu iwashe RAM. Usikae kwenye ukurasa wa Download, nenda ukurasa wa Read Back, yaani wa kusoma kutoka kwenye kifaa.

Sasa fungua kwa Notepad faili la scatter la programu ya kwanza, ile yenye mgawanyo unaolingana na kifaa chako. Ni maandishi ya kawaida. Kila sehemu ina jina lake, kisha linear_start_addr, ambayo ni mahali inapoanzia, na partition_size, ambayo ni ukubwa wake. Tafuta nvram, nakili namba hizo mbili pamoja na lile 0x la mwanzo. Rudi Read Back, bofya Add, bofya mara mbili mstari mpya, lipe faili jina la nvram, chagua eneo la EMMC_USER, bandika mwanzo na ukubwa. Fanya vivyo hivyo kwa proinfo, protect1, protect2, na nvdata kama imo. Bofya Read Back kwanza, ndipo uchomeke kishikwambi. Ni faili ndogo, zinasomwa kwa muda mfupi.

Zikitoka, zifungue kwa programu ya kuangalia baiti kama HxD. Ukiona sifuri tupu mwanzo hadi mwisho, au FF tupu, sehemu hiyo haina kitu. Ukiona data iliyochanganyika, umeokoa kitu ambacho hakipakuliwi popote. Nakili folda hiyo kwenye flashi na mahali pengine pa pili kabla hujaendelea. Nasisitiza hapa kwa sababu baada ya hatua hii hata ukikosea kuandika, utarudi. Kabla ya hatua hii hurudi.

Halafu programu dhibiti sahihi itoke wapi? Unaweza kurudi kwa muuzaji na picha za bodi, na wakati mwingine muagizaji anayo. Lakini wewe una bahati ambayo wengi hawana: darasa zima lina vishikwambi vya mzigo mmoja. Mwombe mzazi mmoja akuazime kizima kwa saa chache. Mweleze wazi kwamba utasoma tu na hutaandika, na kwamba hutagusa picha wala masomo ya mtoto wake. Kifungue mgongo kwa ridhaa yake na ulinganishe namba ya bodi, kioo, tachi na memori. Vikilingana vyote, hiyo ndiyo programu dhibiti bora kuliko yoyote utakayoipakua. Memori ikiwa tofauti lakini bodi ni ileile, usikate tamaa, preloader huwa na orodha ya chipu kadhaa. Tutajua kwa kujaribu.

Hapo sharti moja: kama vyenu si vya kununua wenyewe bali ni vya taasisi, kama vile vya sensa ya 2022 vilivyogawiwa walimu baadaye, usivifungue wala kuvisoma. Vina wenyewe, na njia yake ni kurudisha ofisini.

Kishikwambi kizima kisomwe kikiwa kimezimwa. Pakia scatter ya programu ya kwanza, nenda Read Back, na uongeze lk, boot, recovery, logo, secro, tee1 na tee2 kama zimo, na system. Kwa preloader, eneo si EMMC_USER bali EMMC_BOOT_1, mwanzo 0x0, ukubwa 0x40000. Usisome userdata, hiyo ni mali ya mtoto wa mwenzako. Usichukue nvram, nvdata, proinfo, protect wala frp kwa ajili ya kuziandika kwako. Ukiandika nvram ya mwenzako, vishikwambi viwili vitakuwa na IMEI moja, na vipimo vya redio havitakuwa vya kifaa chako.

Sehemu ya system ni kubwa kuliko zote, itachukua dakika kadhaa, usitikise waya. Kisha hakiki. Faili la boot na la recovery lazima lianze na neno ANDROID! kwa herufi kubwa. La lk na la logo huanza na baiti 88 16 88 58. Kama boot yako inaanza na takataka, mgawanyo haukulingana na namba ulizotumia; simama hapo, usiandike kitu.

Preloader ina jambo lake ambalo limewakwamisha wengi. Ukiisoma kutoka kwenye kifaa, mwanzoni kuna kichwa kinachoanza na maandishi EMMC_BOOT, na preloader yenyewe inaanzia baiti ya 0x800, mahali penye herufi MMM. SP Flash Tool inataka faili linaloanza na MMM, kwa sababu kichwa hicho hukiongeza yenyewe wakati wa kuandika. Basi kwenye HxD futa baiti 2048 za mwanzo na uhifadhi kwa jina jipya, ukiacha nakala ya asili bila kuguswa. Anayetumia mtkclient, programu huria inayofanya kazi vizuri kwenye Linux, hana haja ya kukata: boot1 huandikwa kama ilivyosomwa. Mimi binafsi kwa kazi ya kusoma napendelea mtkclient, kwa sababu inasoma jedwali la kifaa chenyewe na kutaja sehemu kwa majina bila wewe kunakili anwani. Lakini umeshaizoea SP Flash Tool, na kujifunza programu mpya ukiwa na kifaa kilichozimika mkononi si wakati wake.

Mrudishie mwenzako kishikwambi chake, kiwashe mbele yake muone wote kwamba kiko vilevile.

Kuandika sasa ni sehemu fupi. Weka faili ulizosoma kwenye folda moja na nakala ya scatter ya programu ya kwanza, kwa majina yanayotajwa ndani ya scatter hiyo. Ipakie. Hakikisha juu pameandikwa Download Only. Ondoa tiki zote, kisha weka tiki kwenye preloader peke yake. Bofya Download, chomeka kishikwambi chako. Kama RAM imewaka na preloader ikaandikwa, kikwazo kikubwa kimeondoka. Chomoa, chomeka tena, na kwenye Device Manager sasa unapaswa kuona PreLoader USB VCOM ikitokea kwa sekunde chache.

Ikitokea, rudi uweke tiki kwenye lk, boot, recovery, logo, secro, tee na system. Userdata, nvram na wenzake wabaki bila tiki. Andika. Hapo usiwe na haraka ya kuchomoa. Mstari wa njano ukifika mwisho subiri duara lenyewe litokee.

Ikigoma tena kwa 4032 hata kwa preloader ya kishikwambi cha mwenzako, jaribu ile ya programu ya pili, ambayo tunajua inaitambua memori yako, ikiwa peke yake. Ikifanya kazi, zilizobaki ziandikwe kutoka kwa za mwenzako. Ikishindikana na hiyo pia ilhali betri ina volti za kutosha na waya ni mzima, hapo ndipo nitaanza kuishuku memori yenyewe au lehemu yake. Kubadilisha chipu ya memori kwenye kishikwambi cha aina hii kunaweza kugharimu karibu na bei ya kingine, na siwezi kukushauri utumie pesa hiyo.

Baada ya kuandika na kabla ya kuwasha, kuna suala la akaunti. Hatukugusa sehemu ya frp, inayotunza ulinzi wa akaunti, kwa hiyo kishikwambi kinaweza kuuliza akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo. Hakikisha kwa simu yako kwamba unajua barua pepe na nenosiri hilo. Kama umelisahau, lirejeshe sasa. Kisha ingia recovery, menyu ya matengenezo, kwa vitufe vya sauti na kuwasha, chagua kufuta data na kurudisha hali ya kiwandani. Ni lazima, kwa sababu userdata iliyomo sasa ni ya programu ngeni uliyoandika mara ya kwanza na haitaelewana na mfumo huu. Masomo na picha zilizokuwa ndani zilikwisha kuguswa siku ile, zihesabu zimekwenda. Zilizo kwenye kadi ya memori ziko salama, na ingekuwa vizuri uitoe kadi hiyo kabla ya yote haya.

Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua muda, dakika kumi si ajabu. Nembo ikikaa, kiache. Kikifika kwenye ukurasa wa lugha, gusa pembe zote nne za skrini. Tachi ikigeuka upande au kukataa, au skrini ikiwa na mistari huku sauti inasikika, basi kerneli na lk si za kioo chako. Zile namba za tepe ulizopiga picha ndizo zitakazotuambia wapi hatukulingana. Hilo linarekebishika kwa kubadilisha boot na lk pekee, bila kugusa preloader inayofanya kazi.

Kisha piga *#06# na ulinganishe na namba iliyo kwenye boksi. Kwa uhakika zaidi itume kwenda 15090 uone jibu la TCRA. IMEI ikiwa imepotea licha ya tahadhari zetu, rudisha nvram na wenzake kutoka kwenye folda uliyohifadhi mwanzoni, kwa anwani zilezile. Na kama folda hiyo ina sifuri tupu, usimpe mtu akuandikie ya kubuni. Kitumie kwa Wi-Fi, kinatosha kwa masomo.

Ukiona kazi hii ni nzito, mpelekee fundi, lakini mwambie kwa maneno haya: asibofye Format All, asome nvram kwanza, na akupe nakala. Fundi mzuri hatakataa hata moja kati ya hayo matatu. Ukikwama mwenyewe, niandikie ujumbe wa kosa kama ulivyo, neno kwa neno pamoja na namba yake, jina la poti unaloliona kwenye Device Manager, na zile picha tatu za bodi.